Sura ya Saba: Zege Lililorudi Utotoni

Inspekta aliukata mdomo wa mfuko wa kwanza kwa kisu kidogo, akaingiza mkono hadi kiwikoni, akautoa ukiwa mweusi tii.

"Udongo," alisema.

"Hebu jaribu wa pili, Afande," Sajini alisema. "Mwizi mjanja huweka udongo mbele, mali nyuma."

Wa pili nao ulikuwa udongo. Wa tatu ulikuwa udongo pamoja na mnyoo mmoja mnene ambaye hakufurahia kuamshwa. Mifuko kumi na minane ya saruji ilikuwa imesimamishwa uani kwa Timazi, kama jirani mmoja alivyopiga simu kuripoti, na kila mfuko ulikuwa na chapa ileile ya saruji iliyojenga daraja. Lakini saruji yenyewe haikuwamo hata kijiko. Ndani mlikuwa na udongo na samadi, na juu yake miche ya miti yenye majani mawili mawili.

Mke wa Timazi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mmemaliza kulima?" aliuliza. "Maana ile kona ya kule bado haijapaliliwa."

"Utuwie radhi, Mama," Inspekta alisema huku akijipangusa. "Mifuko hii imetoka wapi?"

"Jalalani. Saruji ikishamiminwa, mfuko hutupwa. Nikamwambia mume wangu, mwaka huu usiniletee nguo mpya, niletee mifuko mitupu. Bustani ya ng'ambo ya daraja inataka miche mia tatu. Nimeshaotesha mia mbili na arobaini. Sasa ninyi mmeniulia mitatu."

Sajini alinyanyua kiatu chake polepole, akatazama chini.

"Minne," alikiri.

Inspekta alifungua daftari, akapiga mstari juu ya maneno "mifuko nyumbani kwa mtuhumiwa". Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, viganja magotini, anatazama mbele. Watu walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye uzito ya kunyooshea kuta, kwa sababu hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Hata akiwa mgeni nyumbani kwa mtu, picha ya ukutani ikiinama kidogo alikuwa ananyanyuka mezani kwenda kuinyoosha. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa ujenzi wa daraja la waenda kwa miguu, lililovuka barabara ya njia sita na kuiunganisha shule ya upande huu na bustani mpya ya upande ule.

Daraja lilikuwa limekwisha. Lilikuwa limepakwa rangi, likabaki kufunguliwa tu. Kisha Jumatatu maabara ya vifaa vya ujenzi ikatoa ripoti kwamba zege lake ni dhaifu. Mhandisi wa Jiji, mtu asiyefanya mchezo na maisha ya watoto, alitia saini amri siku hiyohiyo: Ijumaa, saa tatu asubuhi, mashine ya kubomoa ianze kazi. Na kwa kuwa zege dhaifu aghalabu lina saruji iliyopunguzwa, polisi waliambiwa wamtafute aliyeipunguza. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Mzee Timazi," Inspekta alisema, akachuchumaa mbele ya ndoo ili macho yao yakutane. "Siku ya kumwaga zege, sampuli zilichukuliwaje?"

"Kama utaratibu unavyotaka." Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikutetemeka. "Tuna visanduku vya chuma, kila upande sentimita kumi na tano. Tunajaza zege lilelile linalokwenda darajani. Tunashindilia, tunasawazisha juu kwa mwiko. Kesho yake tunafungua, tunapata michemraba sita. Inapelekwa maabara, inazamishwa kwenye tangi la maji. Mitatu inavunjwa siku ya saba, mitatu siku ya ishirini na nane."

"Kwa nini isivunjwe yote siku moja?"

"Kwa sababu zege hukua, binti yangu. Samahani, Afande."

"Binti yangu ni sawa tu."

"Zege ni kama mtoto. Siku ya saba lina nguvu, lakini bado. Siku ya ishirini na nane limebalehe."

Inspekta alitoa nakala ya ripoti. Daraja lilitakiwa kufikia kipimo cha nguvu cha thelathini siku ya ishirini na nane. Siku ya saba, michemraba mitatu ya kwanza ilivunjika kwa ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na mbili. Siku ya ishirini na nane, mitatu ya pili ilivunjika kwa kumi na saba, ishirini na moja, kumi na tano.

"Mzee," alisema. "Umewahi kuona zege likikua, halafu likarudi utotoni?"

Timazi aliichukua karatasi. Aliisoma mara mbili, kidole kikitembea chini ya tarakimu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonyeshwa. Watu walikuwa wamemwonyesha barua ya kubomoa tu.

"Miaka thelathini na mmoja nipo katika kazi hii," alisema. "Sijaona. Na hizi tatu za mwisho, mbona hazifanani? Zege limetoka chombo kimoja, dakika moja. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, iweje mmoja awe kumi na tano na mwenziwe ishirini na moja?"

Inspekta aliandika swali hilo kama lilivyosemwa, akafunga daftari.

"Mama," alimwambia mke wa Timazi wakati wa kutoka, "tutarudi na jibu."

"Msirudi na viatu hivyo," mama alijibu.

*

"Nadharia yangu ni hii," Sajini alisema ndani ya gari. "Kuna mtu aliingia maabara, akatoa michemraba ya Timazi tangini, akatia mingine mibovu. Zege halikurudi utotoni. Lilibadilishwa hospitalini, kama zile hadithi za watoto wachanga."

"Kwa faida ya nani?"

"Hiyo ndiyo sehemu yako, Afande. Mimi ni mtu wa nadharia."

Maabara ilikuwa jengo refu la ghorofa moja nyuma ya idara ya barabara. Ndani kulikuwa na harufu ya maji yaliyotuama na vumbi la mawe. Mashine ya kuvunjia ilisimama katikati, ndefu kuliko mtu, ina sahani mbili nene za chuma, moja juu na nyingine chini. Mwanamke mwenye koti la buluu alikuwa anaifuta kwa kitambaa. Alikuwa fundi wa mashine hiyo kwa miaka ishirini na miwili, na idara nzima, hadi wakurugenzi, walimwita Shangazi.

"Nimerudi jana tu kutoka likizo," alisema. "Binti yangu amejifungua mapacha. Mmoja analia, mwingine anamsaidia kulia. Wiki nne sijalala. Nimekuja kazini kupumzika."

"Hongera sana, Shangazi. Michemraba ya daraja la shule, siku ya saba uliivunja wewe?"

"Mimi mwenyewe, kisha nikaondoka. Saini yangu hiyo hapo." Alifungua daftari kubwa la maabara, akaweka kidole. "Ya siku ya ishirini na nane ni saini ya Daktari. Mtafiti wetu. Ndiye aliyenishikia zamu."

Inspekta alimtaka aonyeshe tangi. Lilikuwa na kifuniko na kufuli. Ufunguo ulikuwa mmoja, unatundikwa ukutani mbele ya macho ya kila mtu, jambo lililomfanya Sajini akohoe kwa furaha.

"Kwa hiyo yeyote angeweza," alisema.

"Yeyote angeweza kufungua," Shangazi alimjibu. "Lakini kila mchemraba una namba yake ubavuni kwa rangi ya mafuta, na unapimwa uzito kabla ya kuvunjwa. Angalia safu ya tatu."

Inspekta aliangalia. Siku ya saba: kilo nane na gramu mia moja, kilo nane na gramu mia moja na kumi, kilo nane na gramu tisini. Siku ya ishirini na nane: kilo nane na gramu mia moja na kumi, kilo nane na gramu mia moja, kilo nane na gramu mia moja na ishirini.

"Zege lingine lolote lililokuwa tangini wiki hizo lilikuwa la nani?"

"La Daktari peke yake. Anatafiti zege la njia za bustani, lile lenye vitundu, maji ya mvua yapite yaifikie mizizi ya miti. Hilo, hata likijaa kisanduku kile kile, halifiki kilo sita na nusu. Ukilinyanyua unadhani ni mkate."

Inspekta alimgeukia Sajini.

"Watoto hawakubadilishwa hospitalini."

"Naona," Sajini alisema. "Pole kwa nadharia."

"Shangazi, vipande vilivyovunjwa viko wapi?"

Kwa mara ya kwanza yule mwanamke alionekana kuona haya. Utaratibu ulitaka vipande vitunzwe stoo kwa miezi miwili. Lakini stoo ilijaa vitofali vya Daktari hadi darini, na kwa muda mrefu vipande vilikuwa vinaondoka na toroli mara tu vinapovunjwa.

"Vinakwenda wapi?"

"Kwa Jemadari," Shangazi alisema. "Ng'ambo, bustanini. Anavipenda."

*

Jemadari alikuwa mtunza bustani wa umma, mwembamba, amevaa kofia pana, na maua yake yalisimama kwa safu zilizonyooka kiasi kwamba mpita njia alijisikia kupiga saluti. Kingo za matuta yote zilikuwa zimepangwa kwa vipande vya zege. Juu yake, upande wa barabara, lilionekana daraja jipya, jeupe, limezungushiwa utepe wa onyo.

"Hivi vyote ni vya Shangazi," Jemadari alisema kwa majivuno, akizunguka na Inspekta kama mwenye nyumba. "Tazama vinavyovunjika. Pande zote nne zinabanduka sawasawa, katikati kunabaki kiuno kama cha nyigu. Vizuri, eh? Miaka tisa navipokea. Nikiona kipande najua kama Shangazi siku hiyo alikuwa na furaha."

"Wiki iliyopita ulipokea vya daraja?"

Uso wake ulikunjamana.

"Hivyo viliniletea huzuni, dada yangu. Sikuweza kuvipanga mbele ya watu."

"Umevipeleka wapi?"

"Nyuma ya choo."

Nyuma ya choo cha bustani, kwenye kituta cha mboga ambacho Jemadari alisema hakikuwepo rasmi, walivikuta vipande vya michemraba mitatu. Sajini alipiga magoti bila kuambiwa, safari hii akikagua kwanza mahali pa kuweka goti. Walivitoa kimoja kimoja, wakavisuuza kwa bomba la kumwagilia, wakavipanga juu ya benchi kwa namba zilizoandikwa ubavuni.

Havikuwa na kiuno cha nyigu. Kila mchemraba ulikuwa umepasuka upande mmoja tu kuanzia juu hadi chini, na upande wa pili umebaki mzima.

"Unaona?" Jemadari alisema. "Kama mkate ulioumwa na mtu mwenye haraka."

Inspekta alikigeuza kipande kikubwa kuliko vyote mkononi. Nyuso tano za mchemraba zilikuwa laini kama kioo, kwa sababu zililala dhidi ya chuma cha kisanduku. Uso wa sita ulikuwa na michirizi ya mwiko na vinundu vidogo. Huo ndio ulioachwa wazi juu, Timazi alipousawazisha kwa mkono. Na juu ya uso huo wa sita kulikuwa na mabaka mawili meupe, kila moja pana kama kiganja cha mtoto, yamesagika unga. Nje ya mabaka hayo, michirizi ya mwiko ilikuwa bado mizima kabisa.

Alichukua mchemraba wa pili. Uso wa mwiko, mabaka matatu meupe. Wa tatu: baka moja tu, pembeni.

"Huu ndio wa kumi na tano," alisema. "Sivyo?"

Sajini alilinganisha namba na ripoti. "Ndiyo, Afande. Umejuaje?"

"Una baka moja. Jemadari, naomba kipande kimoja cha Shangazi. Kizuri kuliko vyote ulivyo navyo."

Jemadari alisita kama mtu anayeombwa jino lake, kisha akaenda akang'oa kimoja kwenye tuta la mbele. Inspekta alikichunguza. Mahali palipobaki pa uso wa mwiko hapakuwa na unga wala baka. Unga ulikuwa kwenye nyuso laini, mbili zinazoelekeana, umeenea sawasawa pote.

"Sajini, wewe ukikalia kiti chenye misumari miwili, uzito wako wote unakwenda wapi?"

"Kwenye misumari, Afande. Na mimi nakwenda hospitali."

"Basi hata zege likikalishwa hivyo linakwenda hospitali. Funga vipande hivi, andika namba na saa. Turudi."

*

Walimkuta Daktari mbele ya mashine, amekunja mikono ya shati. Alikuwa kijana wa miwani, mrefu, mwenye macho mekundu ya mtu ambaye hakulala vizuri. Mezani kwake kulikuwa na mstari wa vitofali vya pevingi, vile vya kupanga kwenye njia za miguu. Shangazi alisimama kando, kitambaa begani.

"Ninyi ni polisi," Daktari alisema kabla ya salamu. "Nilijua mtakuja. Nimeirudia ile hesabu mara kumi na moja. Nilitamani nikosee. Njia zangu zote za bustani zinaanzia kwenye daraja lile. Lakini mashine ilisema kumi na saba, na mimi siwezi kuandika kile ninachokitamani."

"Ulifanya vyema kuandika ulichokiona," Inspekta alisema. "Umewahi kuvunja michemraba kabla ya hiyo mitatu?"

"Chuoni. Mwaka wa pili. Mara moja, tukiwa watu arobaini, mimi nilikuwa nyuma."

"Na vitofali vya njia?"

"Elfu nne mia mbili na kumi na sita," Daktari alisema mara moja. "Na hiki hapa ni cha kumi na saba."

"Kivunje, tafadhali. Tukuone."

Daktari alikiweka kitofali kati ya zile sahani mbili za chuma, uso wake wa juu ukitazama juu. Alikuwa mwangalifu mno, anakisogeza milimita kwa milimita. Mashine ilinguruma, kitofali kikalia *ta*, mshale ukasimama. Akaandika.

"Kwa nini umekiweka uso juu?" Inspekta aliuliza.

"Kitofali cha njia hukanyagwa usoni. Kwa hiyo hupimwa usoni. Ndivyo utaratibu wake ulivyo."

"Sawa. Shangazi, una mchemraba wowote wa bure?"

Shangazi alitoa mmoja chini ya meza, wa kazi iliyokwisha kupita, akaufuta vumbi. Inspekta aliupokea na kumkabidhi Daktari.

"Uweke kama ulivyoiweka ile ya daraja. Usiwashe. Weka tu."

Daktari aliupokea kwa mikono miwili. Aliutafuta uso wenye michirizi ya mwiko, akauelekeza juu, akausogeza milimita kwa milimita hadi ukakaa katikati kabisa ya sahani.

Kitambaa kilianguka kutoka begani kwa Shangazi.

"Mwanangu!" alisema. "Umeulaza chali?"

"Nimeulaza... uso juu."

"Mchemraba haulazwi chali! Mchemraba hulazwa ubavu! Chuma cha mashine kinatakiwa kikutane na nyuso mbili laini. Ule wa mwiko unautazamisha pembeni, hauguswi na kitu. Ooh, mama yangu. Na mimi nilikuachia karatasi nzima ya maelekezo. Funguo, mafuta ya mashine, namna ya kuzima taa ya chooni. Hilo sikuliandika. Nani anaandika kwamba kijiko kinashikwa mkiani?"

Inspekta aliweka vipande vitatu vya nyuma ya choo mezani, mabaka meupe juu. Daktari aliyainamia mabaka yale. Alivua miwani, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa vipimo, na alielewa haraka kuliko wote chumbani.

"Mashine iliminya vinundu," alisema taratibu. "Nguvu yote ilipita kwenye vinundu viwili vitatu. Sikuupima mchemraba. Nilipima vinundu." Kisha alikaa kwenye kiti. "Kuna mtu ameitwa mwizi kwa sababu yangu."

"Yupo," Inspekta alisema. "Na kuna daraja linabomolewa kesho saa tatu. Kwa hiyo kulia tutalia baadaye. Simu ya Mhandisi wa Jiji ni ipi?"

Mhandisi wa Jiji alisikiliza dakika nne bila kumkatiza. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nimeelewa kwamba kipimo kilikosewa," alisema. "Lakini kipimo kilichokosewa si ushahidi kwamba daraja ni zima. Ni ushahidi kwamba hatujui. Na mimi sipitishi watoto juu ya kitu nisichokijua."

"Nini kitakufanya ujue, Mheshimiwa?"

"Toboeni daraja lenyewe. Vipande vitatu vya mviringo, kutoka sehemu tatu. Shangazi aviandae, vivunjwe leo. Wastani ukiwa ishirini na sita kwenda juu, nafuta amri. Ukiwa chini hata kidogo, mashine inakuja."

*

Saa nane mchana mashine ya kutoboa ilipiga kelele juu ya daraja. Timazi aliitwa ashuhudie. Alisimama kwenye ukingo wa utepe, kofia mkononi, na kila mara ncha ya chuma ilipozama kwenye zege lake alifumba macho kama mzazi anayemwona mwanawe akidungwa sindano. Walitoa vipande vitatu, virefu kama mkono hadi kiwiko, wakaviondoa kwa gari.

Maabarani, Shangazi aliikata miisho ya kila kipande na kuisugua hadi ikawa laini. Alivipitishia kidole, akaridhika. Kisha akasogea nyuma.

"Daktari, njoo uendeshe."

"Mimi?" Kijana alitikisa kichwa. "Shangazi, tafadhali. Siyo mimi."

"Ni wewe. Ukiondoka hapa leo hujaigusa mashine hii, hutaigusa tena maisha. Nakujua."

Daktari alimgeukia Timazi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni. Walikuwa hawajasemezana. Daktari alifungua kinywa, lakini Timazi alimtangulia.

"Kijana, umeme unakwenda bure. Weka kipande."

Aliweka. Alikisimamisha kipande mara tatu kabla ya kuridhika. Mashine ilinguruma. Mshale ulipanda, ukapita kumi na tano, ukapita ishirini na moja. Sajini alikuwa anahesabu kwa sauti bila kujua. Ulipita ishirini na sita, ukaendelea kama mtu aliyesahau kituo chake.

*Ta.*

"Thelathini na nne," Daktari alisoma.

Hakuna aliyepiga kelele. Vilibaki viwili. Cha pili kilikuwa thelathini na tatu. Cha tatu kiligoma kuvunjika kwa muda mrefu hadi Shangazi akaanza kuongea nacho, "Haya basi baba, umeonyesha, tosha," ndipo kikaachia kwa thelathini na sita.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Sajini alimkumbatia Shangazi, Shangazi akamkumbatia Jemadari, ambaye hakuna aliyejua aliingia saa ngapi na ambaye tayari alikuwa anavikusanya vipande. Inspekta alipiga simu. Alimsomea Mhandisi namba zote tatu.

"Nimefuta," Mhandisi wa Jiji alisema. Halafu, kwa sauti ambayo haikuwa kavu tena: "Mwambie msimamizi yule ahsante. Mwambie pia ninaomba radhi. Nitakuja mwenyewe kumwambia, lakini asisubiri hadi nije."

Inspekta alimwambia. Timazi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akajipangusa uso kwa kofia, akaivaa.

"Kuna matundu matatu kwenye daraja langu," alisema. "Nipeni ndoo, saruji na mchanga. Sitaki jua lizame yakiwa wazi."

"Nitabeba," Daktari alisema.

"Ni mzito mzigo huo."

"Nitabeba, Mzee."

Walikwenda wote, gari moja, ndoo katikati ya miguu ya Daktari. Jua lilikuwa bado juu ya paa za shule walipofika. Sajini ndiye aliyeona kwanza. Utepe wa onyo ulikuwa umekatwa. Katikati ya daraja, kando kabisa ya tundu la pili, kulikuwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti ameketi mke wa Timazi, mwavuli wazi begani, chupa ya maji miguuni.

"Mama!" Inspekta alipaza sauti akikimbia. "Unafanya nini hapo?"

"Nimesikia mashine inapiga kelele, nimekuja nimekuta matundu matatu," mama alisema bila kusogea. "Mlisema kesho saa tatu, mmeanza leo saa nane. Basi na mimi nimeanza leo. Anayetaka kulibomoa daraja la mume wangu aanze na mimi. Nina maji, nina mwavuli, na sina haraka."

"Mke wangu," Timazi alisema, akashika mgongo wa kiti. "Mke wangu, inuka. Halibomolewi. Limepimwa upya. Ni zima."

Mama alimtazama yeye, akamtazama Inspekta, akamtazama Sajini na viatu vyake.

"Kweli?"

"Kweli, Mama," Inspekta alisema. "Thelathini na nne. Hakuna mwizi. Hapakuwahi kuwa na mwizi."

Daktari alitua ndoo chini. Alipiga magoti mbele ya kile kiti, kwenye zege, shati lake limejaa vumbi la saruji.

"Ni mimi niliyekosea, Mama," alisema. "Nilimpimia mumeo vibaya. Nimekuja kuomba msamaha kwenu wote wawili."

Mama aliliangalia shati lile la vumbi. Kisha akausogeza mwavuli kidogo, kivuli kikamfikia.

"Umekula?" aliuliza.

"Hapana."

"Nilijua. Mtu aliyeshiba hakosei hivyo." Akamgeukia mumewe. "Na wewe unasimama nini? Si umekuja kuziba?"

"Inuka basi nizibe. Kiti kimekaa juu ya kazi."

"Niinuke niende wapi?" mama alisema. "Nimeshakaa vizuri. Hapa pana upepo, na ninaiona bustani yote. Ziba hivyo hivyo."

Timazi alichanganya zege. Aliliziba tundu la kwanza, akaja la pili, akapiga magoti kando ya Daktari, mwiko mkononi, akagonga mguu wa kiti.

"Nyanyua mguu, mama watoto."

Aliegemea upande, mguu wa kiti ukanyanyuka. Mmoja tu.